Polima za Viwandani na Utoaji wa Insulini Maabarani

Seli beta za kongosho hutoa insulini kwa kufuata kiwango cha glukosi. Glukosi ikiingia kwenye seli huvunjwa, ATP huongezeka, milango ya potasiamu hufungwa, kalsiamu huingia, na vifuko vilivyobeba insulini humwaga shehena yao nje. Insulini hutoka kwa awamu mbili: ya kwanza ni ya ghafla, hudumu dakika kama 10, ya pili ni ya polepole na huendelea maadamu sukari iko juu.

Maabarani, visiwa vya Langerhans vya panya, yaani vikundi vya seli za kongosho vyenye seli beta, huwekwa kwanza kwenye maji yenye glukosi ya milimoli 2.8 kwa lita, kisha 16.7. Seli nzima huongeza insulini mara kadhaa. Seli iliyo hai lakini haijibu sukari haimfai mgonjwa wa kisukari, ndiyo maana kupima uhai peke yake hakutoshi.

Visiwa kama hivi vikipandikizwa kwa mgonjwa, kinga ya mwili huvishambulia; ndipo polima zilipoingia. Mwaka 1980 watafiti Lim na Sun walivifunga visiwa ndani ya vidonge vidogo vya alginati, inayotokana na mwani wa kahawia, vikiwa na utando wa polilisini. Panya wenye kisukari walipata nafuu kwa wiki 2 hadi 3. Hesabu yake ni ya ukubwa wa matundu ya utando: insulini ina uzito wa daltoni 5,800 hivi na hupita, kingamwili ya IgG, yenye 150,000, huzuiwa.

Ila matundu si kila kitu. Polilisini ina chaji chanya, nayo hung'ang'ania utando wa seli, wenye chaji hasi, na kuuharibu. Kwa hiyo hufunikwa kwa alginati nyingine. Unene wa kidonge nao una gharama. Glukosi huchelewa kuingia na insulini huchelewa kutoka, hivyo awamu ya kwanza hufifia. Oksijeni ndiyo kikwazo kikubwa zaidi, kwani seli beta hupunguza insulini mapema, kabla hazijafa kwa kukosa hewa.

Polima nyingine iliyojaribiwa ni polietilini glikoli. Jeli yake haina chaji wala sumu ya kutajika, lakini seli hazipati pa kujishika. Jeli hiyohiyo ikiunganishwa na vipande vya protini ya laminini, seli beta zilizomo hutoa insulini zaidi.