Tusiliite taka, ni mbolea

Mpishi wa Pwani akishakamua tui, hubakiwa na machicha. Utamu umekwenda, kilichosalia hutupiwa kuku. Nashuku kwamba picha hiyo ndiyo hututawala tunapoutazama mtambo wa gesi ya samadi. Gesi ikishafika jikoni, tope linalotoka upande wa pili twaliita mabaki, taka au uchafu. Nacho kitu kikishaitwa taka, mahali pake ni jaani.

Niliwahi kuzuru shule moja ya upili inayopikia gesi hiyo. Tope lilitiririka mtaroni hadi kijitoni, ilhali ghala lilikuwa na magunia ya mbolea ya dukani kwa ajili ya shamba la mahindi. Karo ya wazazi ilinunua kile ambacho maji yalikuwa yakichukua bure.

Walimu wa Kemia wanajua kosa liko wapi. Gesi hiyo aghalabu ni methani na kaboni dayoksaidi. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambazo mmea huzihitaji mno kutoka udongoni, haziendi na gesi. Takriban zote husalia katika tope. Isitoshe, bakteria wa mtamboni hugeuza sehemu ya nitrojeni iwe katika hali ambayo mizizi huifyonza upesi.

Jambo hili si geni nchini. Mnamo 1957, mkulima wa kahawa, Tim Hutchinson, alijenga mtambo wa kwanza wa aina hii Kenya. Alipoona jinsi tope lilivyoistawisha mibuni yake, alianza mwaka uliofuata kuwajengea wengine kwa malipo, akiinadi mbolea kuwa faida kuu na gesi kuwa nyongeza. Sisi tumeyapindua mambo: nyongeza tumeifanya asili, na asili tumeiita taka.

Bila shaka tope hili lina masharti yake. Likiachwa juani, nitrojeni hupotelea hewani. Yafaa lihifadhiwe shimoni penye kivuli, kisha lifukiwe udongoni. Wala lisinyunyiziwe mboga zinazoliwa mbichi, kwani si viini vyote vya maradhi vinavyofia mtamboni.

Kama mwanaisimu, pendekezo langu ni dogo: tuliite samadi ya mtambo. Mwalimu wa Kilimo akilitaja hivyo darasani, mwanafunzi atajua kwamba njia yake ni ya shambani, si ya mtaroni. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.