Serikali Mtandao Haina Budi Kuvuka Maji

MVUVI wa Ghuba ya Mnazi anayetaka leseni ya chombo chake hapeleki tena noti mkononi kwa karani. Huandikiwa namba ya malipo yenye tarakimu 12, akalipa kwa simu au kwa wakala wa benki, na fedha zikaingia katika mfuko wa Serikali bila kupitia katika mtoto wa meza ya mtu yeyote. Mfumo huo ulianza kutumika mwaka 2017, nasi tunauunga mkono bila kusita. Wanaokumbuka vitabu vya stakabadhi, ambavyo karatasi ya juu ilisema shilingi mia tano na nakala ya chini ikasema hamsini, hawahitaji kuelezwa faida yake.

Lakini ili mvuvi huyo alipe kwa simu, sharti awe na laini ya simu. Ili awe na laini, sharti aisajili kwa alama za vidole. Ili alama zake zikubaliwe, sharti awe na namba ya Kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20. Na ili apate namba hiyo, sharti kwanza aoneshe karatasi ya kuthibitisha kwamba alizaliwa, wapi na kwa nani. Huu ni mnyororo, na pete moja ikikatika hakuna leseni, hakuna akaunti, hakuna fedha za korosho zinazomfikia kwa jina lake mwenyewe.

Hatuandiki haya kwa kuichukia mashine. Nchi yetu iliwahi kuichukia. Mwaka 1974, baada ya mashine za hesabu za Hazina kuleta matatizo na gharama, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla hatujarudi katika njia hiyo. Leo mambo yamegeuka. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa mwaka 2008, na vitambulisho vya kwanza vikatolewa mwaka 2013. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaifanya kuwa Mamlaka kamili. Hatua hizo ni kubwa na zinastahili sifa. Swali letu ni moja tu: je, hatua hizo zimefika ng'ambo ya maji?

Tukumbuke yaliyotokea katika usajili wa laini. Zoezi lilianza tarehe 1 Mei, 2019, na mwisho wake ukawekwa kuwa tarehe 31 Desemba. Watu wakafurika katika ofisi za vitambulisho nchi nzima, foleni zikaanza alfajiri, hata Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi tarehe 20 Januari, 2020. Baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Kwa mkazi wa mjini foleni ile ilikuwa adha ya siku mbili au tatu. Kwa mtu wa visiwani ilikuwa ni nauli ya mashua, nauli ya gari, malazi mjini, na siku za bahari zilizopotea; na akirudi bila namba, safari nyingine kama ile.

Tena kulikuwa na jambo ambalo watengenezaji wa mashine hawakulifikiria. Mkoa wetu ni wa korosho. Mafuta yaliyomo katika ganda la korosho ni makali, huunguza ngozi, na mama anayebangua korosho kwa mkono mwaka baada ya mwaka, vidole vyake hulainika kama kokoto ya mtoni. Mvuvi naye hukatwa na mishipi, na mvunaji wa chumvi huliwa na maji ya chumvi. Hawa wakiweka kidole juu ya kioo, mashine inaweza kuwakataa. Ni ajabu kwamba mtu aambiwe hatambuliki kwa sababu ya alama za kazi ile ile inayolilisha Taifa! Ofisa mwenye busara hujaribu kidole cha pili, cha tatu, hata mkono wa pili. Ofisa asiye na subira humwambia arudi siku nyingine.

Wapo waliochoka, wakamwomba jirani au mtoto wa ndugu awasajilie laini kwa namba yake. Sisi hatuwalaumu, ila tunawaonya. Laini iliyo kwa jina la mtu mwingine ni mali ya mtu huyo mbele ya sheria, na fedha zilizomo ni zake. Na wale wenye namba zao nao wajihadhari na wakala wa barabarani anayewaambia "weka kidole tena, hakijasoma", kwani huenda mara ya pili anasajili laini ya mtu asiyemjua. Kila mwenye simu anaweza kupiga *106# akaona laini zilizosajiliwa kwa namba yake. Jambo hili halichukui dakika mbili, na tungependa kila mtendaji wa kijiji awaoneshe watu wake namna ya kulifanya.

Sasa tuingie katika jambo zito zaidi, nalo ni uraia. Mto Ruvuma ni mpaka, lakini kwa watu wa maingilio yake ni mto kwanza na mpaka baadaye. Kionga, kusini mwa mlango wa mto, ilikuwa chini ya Wajerumani pamoja na Mtwara hadi Wareno walipoitwaa mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaithibitisha mikononi mwao. Yaani ndugu wawili waliolala usiku katika nchi moja waliamka katika nchi mbili. Kisha ikaja vita ya ukombozi ya FRELIMO, kuanzia Septemba 1964, na maelfu wakavuka kuja kwetu. Tuliwapokea, wakalima, wakaoa, wakazaa. Leo mjukuu wa watu hao akienda kuomba kitambulisho, huulizwa babu yake alizaliwa wapi. Hana karatasi. Hata babu yake hakuwa nayo, kwa kuwa hakuna aliyempa.

Tunafahamu kwamba maofisa wa Uhamiaji wana wajibu wao. Tangu mwaka 2017 Cabo Delgado imekuwa katika vita, na Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya kilishambuliwa. Hatutaki namba ya Mtanzania itolewe kama njugu. Lakini maswali ni jambo moja, na kumwacha mtu bila jibu miaka nenda rudi ni jambo jingine. Anayestahili apewe, asiyestahili aambiwe kwa maandishi, na aoneshwe njia ya kukata rufani.

Wenzetu wa Kenya wametuachia funzo, nalo linawahusu watu wa damu yetu. Wamakonde waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Pwani wakati wa ukoloni walibaki huko na wajukuu wao bila uraia. Hawakuweza kumiliki ardhi, kufungua akaunti, wala kusajili simu kwa majina yao. Oktoba 2016 waliondoka Kwale wakaandamana hadi Nairobi kumwona Rais, na ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Baadaye, Januari 2020, Mahakama Kuu ya Kenya ikazuia mpango wa Huduma Namba usiendelee mpaka sheria ya kulinda taarifa na kuhakikisha hakuna anayeachwa nje iwekwe sawasawa. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni sheria nzuri. Ila hulinda taarifa za aliyekwisha kuandikwa, asiyeandikwa haimwoni.

Haimaanishi kwamba hatujui namna ya kufanya. Mfano mwema tunao hapa hapa. Mwaka 2017 mpango wa kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano, uliokuwa umeanzia Mbeya mwaka 2013, ulifika Mtwara na Lindi. Kabla ya hapo mzazi alipaswa kufika makao makuu ya wilaya, na Bara hakufika hata mmoja kati ya watoto watano wa umri huo aliyekuwa na cheti. Mpango mpya uligeuza mambo: cheti kikatolewa bure, katika zahanati au ofisi ya kata, siku ile ile, na taarifa za mtoto zikatumwa kwa simu ya mkononi hadi RITA, Dar es Salaam. Mama aliyekuja kupima uzito wa mtoto akarudi nyumbani na cheti. Hapo mashine ilimfuata mwananchi. Karani na simu yake walikwenda kule mama alikokuwa, na mama hakupoteza siku hata moja ya kazi.

Linganisheni na lililotangazwa Januari 2025, kwamba wale waliotumiwa ujumbe wa simu wakachukue vitambulisho vyao, wasipokwenda namba zao zingefungiwa. Tunakubali kwamba kadi mamia kwa maelfu zilizolala maofisini ni hasara. Lakini mvuvi aliyepiga dago kisiwani, mahali ambapo mnara hauoneshi hata mstari mmoja, au anayekaa karibu na Kilambo ambako si ajabu simu kukamata mtandao wa Msumbiji, ujumbe huo angeusomea wapi? Na yule ambaye laini yake imesajiliwa kwa jina la mpwa wake, ujumbe ulimfikia nani?

Hata neno lenyewe linatufundisha. Watu wa bahari wanaujua mtando, uvuvi wa nyavu ndefu zinazotandwa na watu wengi kwa pamoja. Mtando wenye tundu kubwa upande mmoja hauvui, hata kama upande wa pili ni wa nyuzi mpya. Minara iliyojengwa kwa msaada wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote imesaidia sana, lakini pwani ya Msimbati hadi Mahurunga bado ina sehemu za kiza. Tarehe 12 Mei, 2024, kebo za baharini zilipokatika, hata miji mikubwa ilionja kiza hicho kwa siku chache. Ni vizuri kila ofisi ya kata iwe na daftari la kuandika kwa kalamu siku ambapo mtandao haupo, na taarifa ziingizwe utakaporudi. Mwananchi asirudishwe kwa neno "mtandao uko chini".

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi chini ya miembe, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuambiwa wakasome tangazo mahali fulani. Huduma hizi mpya zinahitaji madarasa ya namna hiyo, kwa Kiswahili chepesi, na simu halisi mikononi mwa wanaojifunza.

Kwa ndugu zetu maofisa tuna ombi moja la kazi. Ratiba za kutembelea visiwa na vijiji vya maingilio hupangwa kwa kalenda ya ofisi, Jumatatu hadi Ijumaa. Watu wa huku huishi kwa mwezi na maji. Wakati wa bamvua akina mama wako mwambani wanachokoa pweza tangu maji yanapoanza kutoka, na kijiji kinabaki na wazee na watoto. Msafara ukifika siku hizo utaandikisha watu ishirini na kuandika katika taarifa kwamba "mwamko ni mdogo". Mje wakati wa maji mafu. Mje na mashine ya vidole, betri ya jua, karani wa RITA, ofisa wa Uhamiaji na wa vitambulisho katika mashua moja, ili mnyororo wote umalizike siku ile ile, pwani ile ile. Na safari ya kwanza ifanywe kabla pepo za kusi hazijashika, maana zikishashika, mashua ndogo hazivuki ghuba kwa usalama, na watu watangoja mpaka msimu wa korosho, ambapo wote watakuwa mashambani.