"Muda Umeisha" Haimaanishi Pesa Imepotea

Uko kwa duka la dawa, umeweka PIN, na simu inajibu: "Muda wa ombi umeisha." Foleni nyuma yako inaanza kuguna. Mkono unakuwasha ujaribu tena. Ngoja kwanza.

"Muda umeisha" si sawa na "imekataliwa". Maana yake ni kwamba mfumo ulingoja jibu na jibu halikufika. Ni kama kumtuma mtoto sukari akachelewa: labda hajanunua, labda ameshanunua na mvua imemzuia njiani. Ukimtuma mwingine na pesa nyingine, unaweza kuletewa sukari mara mbili.

Kunaendelea nini huko ndani?

Mara nyingi seva inayoshughulikia malipo haiweki rekodi ndani yake. Rekodi hukaa kwenye diski zilizo katika kabati lingine, na seva huzifikia kupitia swichi na kebo za faiba. Seva ikituma amri ya kuandika, saa inaanza kuhesabu. Kwa seva za Linux, diski kwa kawaida hupewa sekunde 30. Jibu lisipokuja, seva hufuta amri na kujaribu tena, au hupitia njia ya pili kama ipo. Wakati huo simu yako huenda imeshachoka kungoja.

Mafundi huanza na swali moja: inalalamika seva moja, au zote? Ikiwa ni moja, wanakagua kebo na kadi yake; hata vumbi kwenye ncha ya faiba linaweza kuvuruga mawasiliano. Zikiwa nyingi, wanaangalia swichi, au diski zilizolemewa na kazi. Kuongeza tu muda wa kungoja ni kama kumeza dawa ya maumivu: ugonjwa unabaki.

Wewe ufanye nini?

- Usilipe tena mara moja.
- Angalia salio na taarifa ya miamala yako.
- Mwombe mwenye duka aangalie kama pesa imeingia kwake.
- Kama salio limepungua na yeye hajapokea, piga huduma kwa wateja. Taja saa, kiasi na nambari uliyolipia.

Na mtu akikupigia akisema, "Pesa yako imekwama, nipe PIN niitoe," kata simu. Hakuna fundi anayehitaji PIN yako kurekebisha seva.