Taa na Feni katika Kijumba cha Safari

Joto la usiku twalijua sisi watu wa pwani. Likiingia kijumba cha bati kikokotwacho na gari, kama vile wasafiriavyo familia nyingi za Marekani, hakulaliki. Tegemeo ni betri ya volti 12. Taa tano za kizamani, za wati 18 kila moja, humaliza nusu ya betri ya ampea-saa 100 kwa muda wa saa sita na ushei, na kuivuka nusu mara kwa mara ni kuifupishia maisha. Basi na tuanze na taa: za LED, wati 3 tu kila moja, huiachia feni ya paani umeme wa kuitoa hari nje hadi alfajiri. Ila fundi wa nyumbani huisahau fyuzi, nasi hatumpi udhuru. Ikae jirani na betri, kabla waya haujapenya ukutani. Nyaya zikigusana pasi na fyuzi, moto hushika watu wamelala.