Hedi ya Bei Nafuu kwa Gari la Mbio za Jumamosi

Nikitaja mbio za magari najua mawazo yako yatakimbilia Safari Rally, vumbi la Naivasha na magari yakiruka mitaro. Hayo si ya leo. Leo tuvuke bahari hadi Marekani, kwenye mbio fupi mno ambazo ukipiga chafya mara tatu utakuta zimekwisha. Magari mawili husimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka kama rula. Taa za manjano zinawaka, ya kijani inafuata, na kila dereva anakanyaga mafuta mpaka mita 402 ziishe. Hiyo ndiyo robo maili, na mbio zenyewe huitwa dragi. Chama chao kikubwa, NHRA, kilianzishwa mwaka 1951 na Bwana Wally Parks ili vijana watolewe barabarani, walikokuwa wakishindana ovyo, wapelekwe uwanjani.

Sasa, usidhani kwamba washindani wote ni matajiri. La hasha! Wengi ni watu wa mshahara: fundi wa mabomba, dereva wa lori, karani. Jumatatu hadi Ijumaa wako kazini, Jumamosi wanavuta kigari chao hadi uwanjani. Injini wanayoipenda tangu zamani ni ile V8 ndogo ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1955, hasa ile ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967. Wanaipenda kwa sababu ile ile inayotufanya sisi huku kupenda Toyota: spea zake ziko kila mahali. Swali linalowanyima usingizi ni hili: nikiwa na pesa kidogo tu, ninunue hedi gani?

Huenda wewe uliyezoea mashairi na ngeli unauliza hedi ni nini. Silinda hedi ni kile kipande kizito kinachofunika silinda kwa juu. Ndani yake mna vali, mna njia za kuingizia hewa na mafuta, mna njia za kutolea moshi, na mna kijumba ambamo moto wenyewe huwaka. Kwa ufupi, hedi ndiyo pua ya injini. Hebu fikiri. Injini ya lita 5.7 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali ya kuingizia hewa hufunguka mara 50 kwa sekunde moja, na injini nzima inataka kuvuta karibu lita 285 za hewa katika sekunde hiyo hiyo. Lile pipa la maji la lita 200 lililoko nyuma ya jikoni la shule lingekauka kabla hujamaliza kusema "shikamoo mwalimu". Pua ikiwa imeziba, hata ungekuwa na kifua cha simba hutakimbia.

Basi mtu husema, kama ni hivyo, tafuta hedi yenye matundu makubwa kuliko zote! Hapo ndipo pesa za wengi huzama. Chukua mrija wa soda unywe nao, kisha ujaribu kunywa kwa bomba la kumwagilia shamba. Hewa ikipita kwenye njia nyembamba kiasi huenda kwa kasi, na kasi hiyo huijaza silinda vizuri na kuchanganya mafuta sawasawa. Njia ikiwa pana kupita kiasi hewa hutembea pole pole kama mgeni aliyeshiba. Injini itanguruma vizuri kule juu mizunguko ikizidi 7,000, lakini taa ya kijani ikiwaka gari litasitasita, na katika mbio za sekunde kumi na kitu ukisitasita mwanzoni huna pa kufidia. Kwa injini ya 350 inayoishia mizunguko 6,000 hivi, njia ya hewa yenye ujazo wa sentimita mchemraba 170 hadi 195 inatosha kabisa. Zile za 220 na zaidi ni za injini kubwa au za wenye kuzungusha sana.

Kuna jambo lingine ambalo binafsi naona ndilo kubwa kuliko yote. Mbio za wikendi nyingi haziendeshwi kwa kasi tupu. Kabla ya kuanza, kila dereva huandika kwenye kioo muda anaoamini gari lake litachukua. Mwenye gari la pole pole huruhusiwa kutangulia, kwa tofauti ya muda walioandika wawili hao. Na ukikimbia haraka kuliko ulivyoandika, umeshindwa! (Isipokuwa mwenzako naye akosee zaidi yako.) Kwa hivyo gari la sekunde 13 linaweza kulipiga lile la sekunde 10 mchana kweupe, mradi tu lirudie sekunde zake zile zile kila mara. Mtu wa namna hii anahitaji hedi isiyobadilika tabia: isiyovuja, isiyopinda kwa joto, na yenye springi za vali zisizochoka.

Tuje kwenye mgandamizo, na wenzangu wa kidato cha tatu tulio kwenye sheria za gesi hapa tutajidai kidogo. Ukubwa wa kile kijumba cha moto hupimwa kwa sentimita mchemraba, ambazo mafundi huziita sisi (si sisi wanafunzi, jamani). Silinda moja ya injini ya 350 ina upana wa inchi 4 na pistoni husafiri inchi 3.48. Piga hesabu utapata sisi 717 hivi. Tuseme unene wa gasketi, vibonde vya juu ya pistoni na nafasi ndogo inayobaki juu yake vinachukua 19 kwa jumla. Ukifunga hedi yenye kijumba cha 76, mahali pa kubania hewa panakuwa 95. Jumlisha 717 na 95, gawa kwa 95, jibu ni karibu 8.5. Ukifunga yenye kijumba cha 64, mahali pa kubania ni 83, na jibu linapanda hadi 9.6. Pistoni ni zile zile, bloku ni ile ile, lakini injini imeamka usingizini. Ndiyo maana hedi nyingi za miaka ya 1970 huuzwa kwa bei ya kutupa. Kuanzia magari ya 1971 kampuni ya General Motors ilipunguza mgandamizo, na nyingi za hedi zilizofuata zina vijumba vya 76. Mtu asiyejua hesabu hii huona bei tu.

Ikiwa ni kweli hana kitu, mnyonge wa Marekani hutafuta hedi iitwayo Vortec, iliyofungwa kwenye malori madogo na magari makubwa ya familia ya Chevrolet na GMC kuanzia mwaka 1996. Ni ya chuma cha kusubu, kijumba chake ni 64, njia ya hewa ni karibu 170, na inapumua vizuri kuliko hedi nyingi za zamani za kiwandani. Lakini ngoja kwanza kabla hujatoa pesa. Manifoldi yake ya hewa hufungwa kwa bolti 8 ilhali za zamani zilikuwa 12, kwa hiyo manifoldi uliyo nayo haitaingia, utanunua nyingine. Roka zake ni za aina yake. Vali nazo haziwezi kunyanyuka sana kupita milimita 12 hivi bila kugonga, hivyo ukiwa na kamshafti kali itabidi hedi ipelekwe mashineni. Tena zina tabia ya kupasuka ufa mwembamba pale kwenye viti vya vali.

Ufa huo ndio wa kuogopa. Kwenye gereji anakofanya kazi mjomba wangu aliletwa mteja mmoja na hedi ya pikapu aliyouziwa mtumba, imeoshwa ikang'aa kama sufuria ya harusi. Mjomba aliigeuza, akamwaga mafuta ya taa kwenye vijumba, akangoja. Kimoja kilikauka. Kisha akalaza rula ya chuma juu ya uso wake na mwanga ukapita katikati. Yule mzee alikuwa amelipa pesa za karo ya muhula. Kupima namna hiyo hakuhitaji mashine yoyote: mafuta ya taa, rula iliyonyooka, na kuitikisa vali kwa vidole uone kama inacheza kwenye shimo lake. Kwa nyufa zisizoonekana, chuma hupimwa kwa sumaku na unga wa chuma, na hiyo huwa kazi ya karakana ya mashine.

Hedi mpya za alumini je? Uzito wake ni karibu nusu ya zile za chuma, na kwa kuwa alumini hupitisha joto upesi unaweza kuongeza mgandamizo kidogo bila injini kuanza kugonga. Siku hizi ziko za bei ya chini kidogo, zingine zikiwa tupu, zingine zikiwa na vali na springi tayari. Hizi zilizo tayari, mwenye busara huzifungua tena akague springi na miongozo ya vali kabla ya kufunga.

Hata mahali pa mbio pana neno. Karibu na mji wa Denver kulikuwa na uwanja uitwao Bandimere, juu kiasi cha mita 1,760, hadi ulipofungwa mwaka 2023. Huo ni mwinuko unaokaribiana na wa Nairobi. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 16, kwa hiyo injini huvuta kidogo na gari huchelewa, ila hapo hapo huvumilia mgandamizo mkubwa zaidi. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Mombasa likija Nairobi litalia njaa vivyo hivyo.

Kwa hiyo fundi wetu wa mabomba, kabla hajanunua, huchukua karatasi. Anaandika bei ya hedi, halafu chini yake manifoldi, gasketi, bolti, roka, springi, kusawazisha uso mashineni, kusaga vali. Mara nyingi hedi ya chuma ya mtumba ikifika mwisho wa orodha hiyo huwa imekaribia sana ile mpya ya alumini. Ikibaki tofauti ndogo anangoja mishahara miwili zaidi anunue mpya. Ikibaki kubwa, na mafuta ya taa hayajakauka, ananunua ya Vortec, na pesa zilizosalia anatia kwenye matairi ya nyuma.