MNUNUZI AKITAKA PESA ZAKE

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo ambalo halikumalizika. Mwanachama akiuza bidhaa yake kwa njia ya simu, kisha mnunuzi asiridhike na kutaka arudishiwe pesa zake, yampasa afanye nini? Wako waliosema kuwa pesa ikishaingia isitoke tena. Wako waliosema mnunuzi arudishiwe kila anapodai, ili jina letu lisiharibike. Ofisi imelifikiri jambo hili, nasi twaona ya kuwa kauli zote mbili zina khasara ndani yake. Hapa twaeleza kwa nini, na ni njia gani tunayoiona kuwa ya haki kwa pande zote mbili.

Kwanza tuondoe shaka moja. Hatusemi juu ya karafuu kavu. Karafuu ina njia yake ya kuuzwa na ina sheria yake ya mwaka 2014, wala haiuzwi kwa picha ya simu. Twasema juu ya vile vitu vingine vya mashambani na majumbani mwetu: pilipili manga, mdalasini, manjano, asali, mafuta ya nazi, sabuni. Kila mkulima ajua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa miaka yote. Mwaka ambao mikarafuu imepumzika, vitu hivi ndivyo vinavyolipa ada za watoto shuleni. Kwa hiyo si jambo dogo.

MNUNUZI ASIYEONA

Mtu anayenunua pilipili manga sokoni Chake Chake huishika, huinusa, huitia mkono chini ya gunia, kisha ndipo anapotoa pesa. Anayenunua kwa simu hawezi hayo. Ana picha yetu na maneno yetu basi, naye hulipa kabla ya kuona. Saa anapofungua kifurushi nyumbani kwake Dar es Salaam au Arusha, ndiyo saa yake ya kusimama sokoni. Tukimnyima haki ya kusema neno saa ile, tumemnyima jambo ambalo sisi wenyewe hatukubali kunyimwa tukienda sokoni.

Jambo hili si geni kwetu. Wengi wetu tulisoma chuoni kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta umaji chini yake, akamkemea mwenye mali kwa kuficha kilicholowa. Na katika fiqhi tulifundishwa ya kuwa mnunuzi akikuta kasoro iliyofichika ambayo ilikuwamo kabla ya kuuziwa, ana khiyari ya kukirudisha kitu. Simu imebadili njia ya kuuza, lakini haikuibadili haki hiyo.

MADAI NI YA NAMNA NNE

Khasara nyingi hutokea kwa sababu ya kuyajibu madai yote kwa jibu moja. Kabla ya kujibu, mwanachama na ajiulize: dai hili ni la namna gani?

La kwanza ni kosa letu. Tumetuma kitu kingine, au kilo haikutimia, au unga umeshika unyevu, au asali ina uchafu. Hapa hakuna maneno. Mnunuzi arudishiwe pesa zote pamoja na nauli ya mzigo, au apelekewe kitu kingine kwa nauli yetu, na achague yeye.

La pili ni kosa la njia. Mzigo ulitoka Mkoani ukiwa mzima, ukashushwa botini Unguja, ukapakiwa tena kwenda Dar es Salaam, na chupa zikavunjika. Mnunuzi hakumchagua mchukuzi. Tuliyemchagua ni sisi. Kwa hiyo tumlipe mnunuzi kwanza, kisha sisi ndio tukadai kwa mchukuzi. Mfano: mtu amenunua chupa 10 za asali kwa Sh. 8,000/- kila moja, jumla Sh. 80,000/-, na chupa 2 zimefika zimevunjika. Arudishiwe Sh. 16,000/- au apelekewe chupa 2 nyingine. Hana haki ya kudai zote Sh. 80,000/- na huku chupa 8 nzima zimo kabatini kwake, ila kama anazirudisha. Ikiwa mnunuzi mwenyewe ndiye aliyemtuma mchukuzi wake kuja kuchukua, hapo shauri ni jingine, na jambo hilo liandikwe mapema.

La tatu ni kutojua. Mafuta ya nazi yaliyo safi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa kisiwani ni nadra kuyaona hivyo, lakini mtu wa Nairobi au Arusha huamka asubuhi akayakuta meupe kama samli, akadhani ameuziwa kitu kilichochanganywa. Asali nayo huweza kuganda na kufanya chenga, na si lazima iwe imetiwa sukari. Mnunuzi wa namna hii hadai kwa ubaya. Aelezwe kwa upole kuwa akiitia chupa katika bakuli la maji ya uvuguvugu itarudi kama ilivyokuwa. Bora zaidi, maneno hayo yaandikwe juu ya chupa tangu mwanzo, na dai halitakuja kabisa.

La nne ni kujuta. Kitu ni kizima na ni kilekile alichoagiza, ila amebadili nia. Katika sheria ya dini kuikubali tauba ya mnunuzi wa namna hii huitwa iqala. Si faradhi juu ya muuzaji, lakini ni jambo lenye thawabu. Shauri letu ni hili: kitu kisicho chakula, kama sabuni ambayo haijafunguliwa, kikubaliwe kirudi kwa nauli ya mnunuzi. Chakula kilichokwisha funguliwa kisikubaliwe, maana hatuwezi kumuuzia mtu mwingine, wala haijuzu kujaribu.

KOSA LA OFISI

Hatuna budi kusema ukweli kuwa ofisi yenyewe iliwahi kukosea. Msimu uliopita mama mmoja, mwanachama wetu, alituma Dar es Salaam pakiti 20 za manjano ya unga kwa Sh. 60,000/-. Mnunuzi akaandika kuwa unga una mabonge na harufu ya ukungu, akaleta picha. Mama alikuja kwetu kutaka shauri. Sisi, bila ya kufungua hata pakiti moja, tulimwambia ajibu kuwa mzigo ulitoka hapa mzuri na pesa hazirudi. Akajibu hivyo, kwa kuwa alituamini.

Mnunuzi aliipeleka ile picha katika kundi la WhatsApp la wapishi wenzake. Wawili waliokuwa wameagiza wakavunja oda zao. Baada ya wiki tulizifungua pakiti zilizobaki nyumbani kwa mama, tukakuta nazo ni vivyo hivyo: manjano yalisagwa siku za masika kabla hayajakauka barabara. Pesa tukamshauri azirudishe, akazirudisha, pamoja na nauli. Mnunuzi alishukuru, lakini hakuagiza tena, na wale wawili pia hawakurudi.

Tukihesabu, ile Sh. 60,000/- ililipwa vilevile. Ingalilipwa siku ya kwanza, ingalinunua sifa njema. Ililipwa siku ya tisa, haikununua kitu. Na aliyepata khasara ni yule mama, wala si sisi tuliompa shauri. Kwa sababu hiyo tangu leo ofisi haitatoa shauri juu ya dai lolote kabla ya kuona bidhaa iliyobaki au picha zake.

MASHARTI YAANDIKWE KABLA YA KUUZA

Ugomvi mwingi juu ya pesa hutokana na jambo ambalo halikusemwa mwanzo. Kwa hiyo kila mwanachama anayeuza kwa simu na ampelekee mnunuzi maneno haya, au mfano wake, kabla ya kupokea pesa:

"Tukikosea sisi, au mzigo ukiharibika njiani, tutakurudishia pesa au kukuletea kingine, utakavyochagua. Tuarifu ndani ya siku 3 baada ya kupokea, pamoja na picha. Chakula kilichofunguliwa hakirudishwi ila kikiwa kina kasoro. Pesa hurudi kwa namba ileile iliyolipa, ndani ya siku 3 baada ya kukubaliana."

Kisha kuna kazi ya kufanya siku ya kufunga mzigo. Upigwe picha ukiwa juu ya mizani, na picha nyingine ukiwa umefungwa. Pakiti chache za kila fungu ziwekwe nyumbani mpaka mzigo ufike, ili dai likija tuwe na cha kutazama. Katika daftari iandikwe tarehe, jina, namba ya simu, uzito, bei, nauli na risiti ya mchukuzi. Kazi hii ni ya dakika 10. Asiyeifanya, siku ya ugomvi hana ushahidi ila kiapo, na kiapo hakipiti katika simu.

Yafaa zaidi kwa mwenye kuuza nje. Mtu aliyelipa kwa kadi ya benki aweza kuiomba benki yake iirudishe pesa ile, na muuzaji hutakiwa ajibu kwa ushahidi katika muda uliowekwa. Asiyejibu hushindwa hata kama haki ilikuwa yake. Tena ajue desturi za huko. Kwa Uingereza, kanuni za mwaka 2013 zampa aliyenunua kwa mfanyabiashara wa mbali siku 14 baada ya kupokea mzigo, aweze kubadili nia bila ya kutoa sababu. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina muda kama huo. Vitu vinavyoharibika upesi havimo, wala vile vilivyofungwa kwa ajili ya afya vikishafunguliwa. Basi mtu wa London akiandika kuwa amebadili nia, tusimwone jeuri; anasema kama walivyozoea kwao.

JIHADHARINI NA WEZI

Liko dai la tano, nalo si dai bali ni wizi. Mtu huagiza pilipili manga ya Sh. 50,000/-. Mara unaingia ujumbe wa simu kuwa umepokea Sh. 150,000/-. Papo hapo anapiga simu, sauti ya haraka, ya mtu mwenye dhiki: "Samahani sana, nimekosea, nirudishie laki moja, mgonjwa yuko hospitali." Mwenye huruma humtumia. Akitazama salio lake baadaye, hakuna kilichoingia hata senti. Ujumbe ule aliuandika mwizi mwenyewe.

Kwa hiyo tushike mambo manne:

1. Ujumbe si pesa. Fungua akaunti yako, tazama salio, ndipo uamini.

2. Pesa zirudi kwa njia zilizokuja na kwa namba ileile, hata mtu akilia kwamba simu yake imeharibika na kwamba tumtumie "namba ya ndugu yangu".

3. Ikiwa kweli mtu amekosea na pesa zimo, mwambie apige simu kwa kampuni yake, na kampuni ifanye kazi hiyo. Wewe usizitumie zile pesa mpaka jambo liishe, maana si zako.

4. Namba ya siri haitolewi kwa mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni ya simu. Ujumbe wa utapeli upelekwe namba 15040, iliyowekwa kwa ajili hiyo.

Haraka tuliyoisifu juu ya mnunuzi wa kweli ni haraka ya kujibu na kuchunguza. Jibu upesi, siku ileile ikiwezekana: "Tumepokea khabari yako, tunatazama, tutakujibu kesho." Maneno hayo hayagharimu kitu, nayo hutuliza moyo. Lakini pesa zisitoke mpaka tumeona kwamba ziliingia, na kwamba kasoro ipo.

MWISHO

Wale waliosema pesa isitoke kamwe, wangetupotezea wanunuzi kama tulivyompotezea yule mama. Wale waliosema itoke kila inapodaiwa, wangewatajirisha wezi. Kati ya hao kuna njia ya mkulima aliyezoea kuchagua karafuu: haitupi jamvi zima kwa sababu ya makonyo, wala haachi makonyo yapite kwa sababu ya haraka. Hukaa chini akayatenga.

Mwanachama ambaye hajapata masharti yaliyoandikwa na aje ofisini achukue nakala, bila ya malipo. Na mwenye dai lililomshinda asijibu kwa hasira usiku. Alale, asubuhi alete simu yake na daftari lake, tutazame pamoja.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama