Posho ya Mazingira Magumu Haiingii Kwenye Pensheni

Chukua karatasi ya mshahara ya naibu wa chifu wa Saka au Danyere, kule Balambala, Kaunti ya Garissa, uisome kuanzia juu. Mstari wa kwanza ni mshahara wa msingi. Chini yake zinafuata posho ya nyumba, ya usafiri, na ile ya mazingira magumu wanayolipwa watumishi wa umma wa Garissa kwa sababu ya joto, umbali na hatari za usalama. Siku ya kustaafu, kinachohesabiwa ni ule mstari wa kwanza.

Hesabu ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, ni hii: miezi ya utumishi igawanywe kwa 480, kisha izidishwe kwa mshahara wa msingi wa mwisho. Tuseme mtumishi amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa msingi umefika shilingi 48,000. Pensheni yake ni 36,000 kwa mwezi. Akitaka mkupuo, anaachia robo ya pensheni. Robo hiyo kwa mwaka ni 108,000. Ikizidishwa kwa 20 anapokea 2,160,000, na kila mwezi anabaki na 27,000. Akifariki, sheria hiyo inawalipa wategemezi wake kwa miaka mitano.

Waliokuwa chini ya miaka 45 mpango mpya wa kuchangia pensheni ulipoanza, Januari 2021, wako upande mwingine. Sasa wanakatwa asilimia 7.5 na serikali inaongeza 15. Lakini humo pia kinachopimwa ni mshahara wa msingi.

Kwangu hii ni dhuluma. Serikali inakiri kwa pesa kwamba kazi ya Balambala ni ngumu kuliko ya Nairobi, kisha inausahau ugumu huo mtu anapozeeka, wakati mwili umeshaulipia.

Sasa mtazame mbunge wa Balambala. Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo Katiba inaipa kazi ya kupanga malipo ya maafisa wa Serikali, iliweka mshahara wa jumla wa mbunge kuwa shilingi 725,502 kuanzia Julai 2023. Sheria ya pensheni ya wabunge ya 1984 inawataka wachangie, na pensheni ya maisha huja kwa aliyehudumu angalau vipindi viwili. Vipindi viwili ni miaka kumi, na kumi ndiyo pia kiwango cha chini cha mtumishi wa kawaida kupata pensheni. Kwa mshahara wetu wa mfano, miaka kumi ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Mwaka 2020 Bunge lilipitisha mswada wa kuwapa wabunge wa zamani shilingi 100,000 kila mwezi; Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi.

Hadi sheria ibadilike, kilicho mikononi mwa mtumishi ni miezi yake. Barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini na za uhamisho ziwe na nakala nyumbani, kwa sababu faili ikifika ofisi za pensheni, Bima House jijini Nairobi, ikiwa na pengo, miezi ya pengo hilo inaweza kukatwa. Mwaka mmoja uliopotea ni miezi 12 kati ya 480: kwa mshahara wa 48,000, hiyo ni shilingi 1,200 kila mwezi, maisha yote.